PDO kwenye PHP: methodi nne za miamala, na kile zisichokuambia

Nikiulizwa ni sehemu gani ya PHP nisiyokubali kunyang'anywa, jibu langu ni PDO, yaani PHP Data Objects, kiungo cha PHP cha kuongea na hifadhidata, na ndani ya PDO ni methodi nne: beginTransaction() ya kuanza muamala, commit() ya kuuthibitisha, rollBack() ya kuutengua na inTransaction() ya kuuliza kama uko wazi. Kazi yangu ni mifumo ya oda na stoo. Mteja anaagiza, akiba inapungua, malipo yanaandikwa, risiti inapata namba. Hayo yote ama yatokee pamoja, ama yasitokee kabisa; kundi la amri la namna hiyo ndilo linaloitwa muamala. Nusu ya oda ni mbaya kuliko kukosa oda, kwa sababu oda iliyokosekana mteja ataiulizia, lakini nusu oda hukaa kimya kwenye jedwali hadi siku ya kufunga hesabu.

Ninaipa PDO nyota nne kati ya tano. Nimeitumia tangu enzi za PHP 5, zaidi juu ya MySQL, wakati mwingine PostgreSQL, na SQLite kwa programu ndogo zinazokaa kwenye mashine moja. Mapitio haya yanahusu miamala tu. Habari za prepare() na kujikinga na sindano za SQL zimeshaandikwa vya kutosha.

PDO ilikuja ndani ya PHP 5.1, Novemba 2005. Kabla yake kila hifadhidata ilikuwa na fankisheni zake, na waliotumia kiendelezi cha zamani cha mysql walilazimika kuandika BEGIN na COMMIT kwa mkono kama amri ya kawaida, kisha waombe heri. Kiendelezi hicho kiliondolewa kabisa kwenye PHP 7.0 mwishoni mwa 2015, na mimi sikukililia.

Bila muamala, PDO hufanya kazi kwa mtindo wa kujithibitisha: kila amri ya SQL inasimama peke yake na inathibitishwa papo hapo. Niliwahi kukabidhiwa mfumo wa kampuni moja uliojengwa hivyo. Ukurasa wa kuagiza uliingiza kwanza kichwa cha oda, kisha ukazunguka kwenye bidhaa moja moja na kuziingiza. Bidhaa ya tatu ikiwa na maelezo marefu kuliko safu wima iliyotengewa, amri inagoma, na kilichobaki kwenye hifadhidata ni oda yenye bidhaa mbili kati ya tano na jumla ya pesa ya bidhaa zote tano. Badala ya kutibu chanzo, waliokuwepo kabla waliandika skripti ya usiku ya kuzifuta "oda yatima". Skripti hiyo ilitambua oda zisizo na bidhaa hata moja. Zile zenye bidhaa mbili kati ya tano zilipita bila kuguswa.

Hivi ndivyo ninavyouandika ukurasa kama ule:

```php
$db->beginTransaction();
try {
    $oda->execute([$mtejaId]);
    $odaId = $db->lastInsertId();

    foreach ($vitu as $k) {
        // UPDATE bidhaa SET akiba = akiba - ?
        // WHERE id = ? AND akiba >= ?
        $punguza->execute([$k['idadi'], $k['id'], $k['idadi']]);
        if ($punguza->rowCount() !== 1) {
            throw new RuntimeException('Akiba haitoshi');
        }
        $mstari->execute([$odaId, $k['id'], $k['idadi']]);
    }
    $db->commit();
} catch (Throwable $e) {
    if ($db->inTransaction()) {
        $db->rollBack();
    }
    throw $e;
}
```

Kuna mambo kadhaa humu ambayo siyaachii. Sharti la akiba liko ndani ya UPDATE yenyewe. Ukisoma akiba kwanza kwa SELECT ya kawaida, ukalinganisha kwenye PHP, kisha ukapunguza, wateja wawili wanaweza kuisoma ile moja iliyobaki kwa wakati mmoja na wote wawili wakaipata. Muamala peke yake haukukingi na hilo. Inabidi ama sharti liwe kwenye UPDATE kama hapo juu, ama usome kwa SELECT ... FOR UPDATE ili safu ya bidhaa hiyo ifungwe, wengine wasiiguse hadi umalize.

Pili, nakamata Throwable, inayojumuisha kila kosa linaloweza kurushwa, si Exception. Tangu PHP 7, makosa ya aina kama TypeError ni ukoo mwingine, na catch (Exception $e) huyaacha yapite. Kwenye ukurasa wa kawaida wa wavuti huenda usione tofauti, kwa sababu skripti ikifika mwisho na muamala uko wazi, PDO huutengua yenyewe, jambo ninaloishukuru. Lakini kwenye programu inayozunguka muda wote ikichota kazi kwenye foleni, hakuna mwisho wa skripti. Kosa linakamatwa huko juu, mzunguko unaendelea na kazi inayofuata, na muamala uliosahaulika bado uko wazi umeshikilia kufuli za watu.

Tatu, namba ya oda naisoma kwa lastInsertId() mara tu baada ya INSERT, kabla ya kuthibitisha, na kosa nalirusha tena baada ya kutengua. Kutengua kimyakimya na kumwonyesha mteja ukurasa wa "asante" ni udanganyifu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wanadhani commit() ina maana ya "hakikisha kila kitu kimekwenda sawa, kisha hifadhi". Haina maana hiyo. commit() haikagui chochote. Inaiambia hifadhidata: vilivyomo ndani ya muamala huu, vithibitishe. Kama kati ya amri tano mbili zimegoma na wewe hukujua, hatima ya zile tatu haiko mikononi mwa PDO hata kidogo. Iko mikononi mwa hifadhidata iliyo nyuma yake.

Kwenye MySQL, amri iliyogoma kwa kawaida hujitengua yenyewe tu, na muamala unaendelea. Ukifika kwenye commit(), zile tatu zinaingia. Kwenye PostgreSQL, amri moja ikigoma muamala mzima unahesabika umeharibika. Kila amri inayofuata inakataliwa kwa ujumbe kwamba muamala umekatishwa, na hata ukituma COMMIT, inachofanya ni ROLLBACK. Msimbo uleule wa PHP, matokeo mawili yanayopingana. PDO inajisifu kwamba unaweza kubadili hifadhidata kwa kubadilisha mstari wa kuunganisha tu, na kwa methodi zake ni kweli. Kwa tabia za miamala si kweli, na ningependa nyaraka zake ziliseme hilo kwa sauti ya juu zaidi.

Ndiyo maana toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, kwangu lilikuwa hatua kubwa kuliko vitu vingi vilivyopigiwa debe mwaka ule. Kabla yake, PDO kwa chaguo-msingi ilinyamaza amri inapogoma. execute() ilirudisha false, na kama hukuiangalia, programu ilitembea hadi kwenye commit() bila wasiwasi wowote. Ulitakiwa uwashe mwenyewe PDO::ERRMODE_EXCEPTION. Tangu 8.0, kurusha eksepsheni, yaani kosa linalosimamisha programu lisipokamatwa, ndiyo chaguo-msingi. Hata hivyo mimi bado naandika mpangilio huo waziwazi kila ninapounda muunganisho, kwa sababu mifumo huhamishwa, na siku moja mtu ataiweka programu yangu kwenye seva ya zamani. Ukiikuta mifumo yenye ERRMODE_SILENT, ile hali ya kunyamaza, na miamala kwa pamoja, anza ukaguzi wako hapo hapo.

Badiliko la pili la 8.0 lilizua malalamiko mengi, nami nalitetea. Kwenye MySQL, amri zinazobadili muundo wa majedwali, kama CREATE TABLE, ALTER TABLE, DROP TABLE na TRUNCATE, huthibitisha muamala ulio wazi bila kukuuliza. Chukua skripti ya kuhamisha muundo: beginTransaction(), ALTER TABLE, UPDATE ya kujaza safu wima mpya, commit(). Muamala umekufa kwenye ALTER TABLE. UPDATE inayofuata inajithibitisha yenyewe. Zamani PDO ilibaki inaamini muamala uko wazi, commit() ikarudisha true, na mwandishi akalala usingizi akiamini ana ulinzi ambao hakuwa nao. Kuanzia 8.0, kwa MySQL, inTransaction() inaripoti hali halisi ya muunganisho, na commit() hapo inarusha eksepsheni: "There is no active transaction".

Watu walipopandisha toleo wakaona ujumbe huo wakasema PHP imevunja skripti zao. Skripti zilikuwa zimevunjika tangu mwanzo. PHP imeanza tu kusema ukweli. Ushauri wangu ni kutoweka amri za muundo ndani ya muamala wa MySQL kabisa, na kutoficha eksepsheni hiyo kwa kuzungushia commit() sharti la inTransaction(). Kwenye catch, kabla ya rollBack(), sharti hilo lina mantiki. Kabla ya commit() ni kujiziba macho. Ukitaka kweli kubadili muundo na data kwa pamoja, PostgreSQL inaruhusu amri nyingi za muundo ndani ya muamala na inaweza kuzitengua, na SQLite pia.

Kuna mtego mwingine wa MySQL ambao PDO haikuonyeshi: majedwali ya MyISAM, mojawapo ya injini ambazo MySQL hutumia kuhifadhi majedwali. Injini hiyo haina miamala. beginTransaction() inakubali, INSERT inakubali, rollBack() inakubali, na safu bado ipo. Seva hutoa onyo namba 1196 kwamba baadhi ya majedwali hayakuweza kutenguliwa, lakini onyo si kosa, kwa hiyo hakuna eksepsheni. InnoDB ndiyo injini ya chaguo-msingi tangu MySQL 5.5, kwa hiyo mfumo mpya hauna shida hii. Mfumo wa zamani uliohamishwa kwa nakala ya SQL unaweza kuwa na ENGINE=MyISAM imeandikwa waziwazi kwenye kila CREATE TABLE. Kabla sijaamini miamala ya mfumo niliokabidhiwa, naangalia safu wima ya ENGINE kwenye information_schema.TABLES. Ni kazi ya dakika moja.

Miamala ndani ya miamala PDO haina. Ukiita beginTransaction() wakati mwingine uko wazi, inarusha eksepsheni. Nakubaliana na msimamo huo, maana kukubali kimya kungekuwa hatari zaidi. Ninachokilalamikia ni kwamba haina methodi za alama za kurudia, yaani vituo ndani ya muamala unavyoweza kurudi bila kuutengua wote, ingawa MySQL, PostgreSQL na SQLite zote zina SAVEPOINT. Unabaki kuandika $db->exec('SAVEPOINT hatua1') na kusimamia majina mwenyewe. Laravel, fremuweki ya PHP, imelijaza pengo hili: DB::transaction() ndani ya nyingine hutumia alama za kurudia, na kigezo chake cha pili ni idadi ya majaribio iwapo miamala itakwamana. Kama unatumia fremuweki ya namna hiyo, tumia njia yake na usichanganye na kuita PDO moja kwa moja, la sivyo hesabu yake ya ngazi za miamala itapotea.

Kuhusu kukwamana nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mifumo iliyojaribiwa na mtu mmoja huanguka ikipata watumiaji wengi. Muamala wa kwanza umefunga bidhaa namba 4 na unaisubiri 9. Wa pili umefunga 9 na unaisubiri 4. Hakuna atakayemaliza. InnoDB hugundua hali hiyo, huchagua mmoja wa kumtoa kafara, na huyo hupata kosa namba 1213, lenye SQLSTATE (msimbo sanifu wa makosa ya SQL) 40001. Muamala wake wote unatenguliwa. Dawa ni kuurudia mzima kuanzia beginTransaction(), siyo kuirudia ile amri moja iliyogoma. Na kinga ni rahisi kuliko dawa: panga bidhaa kwa id kabla ya kuzungusha. Kila muamala ukifunga 4 kabla ya 9, mkwamo huo hautokei. Kwenye msimbo wangu kuna usort() mstari mmoja kabla ya beginTransaction(), na nimemwomba kila anayekuja baada yangu asiufute.

Kosa namba 1205 linafanana na hilo kwa sura tu. Hilo ni la kusubiri kufuli hadi muda kuisha, sekunde 50 kwa chaguo-msingi. Tofauti yake ni kubwa: kwa chaguo-msingi InnoDB hutengua amri ya mwisho peke yake, na sehemu iliyotangulia ya muamala inabaki wazi. Ukiikamata eksepsheni hiyo ukaendelea na bidhaa inayofuata, ukafika commit(), umeandika oda isiyokamilika ukiwa ndani ya muamala, kitu ambacho ulianzisha muamala ili kukizuia. Rudisha nyuma kila kitu wewe mwenyewe kwa rollBack(), kisha ndipo ujaribu tena.

Muamala pia haufiki nje ya hifadhidata. Barua pepe iliyotumwa katikati, au ombi lililokwenda kwa huduma ya malipo, rollBack() haiwezi kulirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninachofanya ni kuingiza safu kwenye jedwali la barua zinazosubiri, ndani ya muamala uleule wa oda, na programu nyingine inazisoma na kuzituma baada ya muamala kuthibitishwa. Oda ikitenguliwa, barua nayo inatoweka. Zaidi ya hapo, kusubiri huduma ya mbali ukiwa ndani ya muamala ni kuwafungia wenzako mlango kwa muda wote ambao huduma hiyo itachukua kujibu.

Kwa upande wa kasi sina malalamiko. Ukipakia maelfu ya safu, ziweke ndani ya muamala mmoja au mafungu machache. Kila uthibitisho unailazimu hifadhidata kuhakikisha data imefika kwenye diski, na hapo ndipo muda unapokwenda. Waandishi wa SQLite wenyewe wanasema kompyuta ya kawaida inaweza kufanya INSERT 50,000 au zaidi kwa sekunde, lakini miamala makumi machache tu kwa sekunde. Mafungu yakiwa makubwa kupita kiasi, kufuli nazo zinakaa muda mrefu, kwa hiyo kwenye mfumo unaotumika na watu mimi hugawa.

mysqli nayo ina begin_transaction() tangu PHP 5.5, na kurusha eksepsheni imekuwa chaguo-msingi lake tangu 8.1. Si zana mbaya. Lakini PDO ilinizoesha msimbo unaosomeka uleule kwenye hifadhidata zote tatu ninazotumia, na sioni sababu ya kurudi.

Nyota ya tano naishikilia kwa sababu ya jambo moja ambalo halina methodi. Tuseme muunganisho unakatika wakati commit() yenyewe iko njiani. PHP inapata eksepsheni. Je, seva ilikuwa imeshathibitisha kabla ya waya kukatika, au haijapokea kitu? Ukiwa upande wa PHP huwezi kujua, na rollBack() wakati huo haina muunganisho wa kuongea nao. Ukirudia bila kufikiri, mteja anaweza kutozwa mara mbili. Hakuna maktaba inayoweza kuliondoa tatizo hili kabisa, lakini nyaraka za PDO zingeweza kulitaja karibu na commit(). Ninachofanya mimi ni kutengeneza kitambulisho cha ombi pale fomu inapofunguliwa, kukihifadhi kwenye safu wima ya jedwali la oda yenye UNIQUE, yaani isiyoruhusu thamani kujirudia, na kurudia kwa kitambulisho kilekile. Kama muamala wa kwanza ulifika, INSERT ya pili inagoma kwa SQLSTATE 23000 kwenye MySQL au 23505 kwenye PostgreSQL. Hapo naisoma oda iliyopo na kumwonyesha mteja risiti yake.